Mimea wala wadudu, au mimea ilayo wadudu?

"Shikamoo mwalimu. Ninaishi Tabata, na barazani kwangu ninafuga mimea inayonasa wadudu, ile yenye majani ya vinyweleo na matone yanayonata kama asali. Watoto wa jirani hawaachi kuichokonoa, nikaamua kuandika kibao: MIMEA WALA WADUDU, MSIGUSE. Mjomba wangu alipokuja akacheka. Anasema sahihi ni 'mimea mila wadudu'. Kisha akanicheka tena kwa neno 'ninafuga'. Nani kati yetu yuko sahihi? Na mimea hii tuiiteje kwa Kiswahili?"

Marahaba. Mjomba ana haki ya kucheka, ila angeandika kibao chake nacho kingechekwa.

Tuanze na chako. Mla ni nomino iliyotokana na kitenzi -la, nayo imekaa katika ngeli ya mtu na watu. Zisikilize methali: "Mla ni mla leo, mla jana kala nini?" "Mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe." Anayesemwa humo ni mtu. Mnyama naye hupokelewa bila ugomvi, kwa kuwa upatanisho wake ni ule ule wa watu: simba mla watu, simba wala watu. Mmea haumo katika jamaa hiyo. Unaweza kula nzi kumi kwa siku na bado tutasema mmea huu, si mmea huyu. Juu ya hayo, wala ni kiunganishi kinachojulikana na kila mtu. "Sina mimea wala wadudu." Mpita njia akisoma kibao chako atadhani unakana kuwa na vyote viwili.

Mjomba, kwa upande wake, amefuata mkondo wa mmea mrefu, mimea mirefu. Akaona mmea mla utazaa mimea mila. Lakini mrefu ni kivumishi, mla si kivumishi. Na mila tunayo tayari, ile ya mila na desturi. Wadudu wana mila gani?

Njia iliyonyooka ni kukiachia kitenzi kazi yake: mmea ulao wadudu, mimea ilayo wadudu. Au kwa mazungumzo ya kila siku: mmea unaokula, mimea inayokula. Wengi hujikwaa kwa kunakili "wanyama walao nyama" kutoka vitabu vya shule, wakaandika "mimea walao". Wa- ni ya wanyama. Mimea ina i- yake.

Utauliza kwa nini ku- ipo katika inayokula na haipo katika ilayo. Sababu ni mkazo. Neno la Kiswahili huangusha mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kitenzi -la kina silabi moja tu, na viambishi kama -na-, -li-, -me-, -ta- na vile vya urejeshi haviwezi kuubeba mkazo, kwa hiyo ku- huitwa isaidie: unakula, umekula, unaokula. Katika ilayo mkazo umeshatua kwenye la, msaada hauhitajiki. Hu- huubeba yenyewe, ndiyo maana tunasema mmea hula, si "hukula". Vivyo hivyo kiambishi cha mtendwa: mmea unamla nzi, unawala mbu. Nasikia siku hizi "unawakula", hata redioni. Sikio langu halijaizoea na sidhani kama litaizoea. Na mmea ukigoma, sema hauli, usiseme "haukuli".

Wako watakaopinga kwamba mmea hauna kinywa, hivyo haupaswi kusemwa unakula. Siwaafiki. Kutu hula bati, gari hula mafuta, na bahari imeula ufukwe wa Kunduchi mbele ya macho yetu. Kitenzi hiki hakijawahi kudai meno. Ila tukiwa wakweli, mmea wako chakula chake unajipikia wenyewe kwa mwanga wa jua kama mchicha tu. Kwa mdudu unatafuta naitrojeni, kwa sababu asili yake ni udongo wa kinamasi usio na rutuba. Mwanga ndio ugali, nzi ni kitoweo. Ndiyo maana ukiutilia mbolea kwa huruma unaweza kuuua.

Sasa jina. Waingereza huuita umande wa jua, kwa kuwa matone yake hayakauki hata saa sita mchana. Jina la kisayansi, Drosera, nalo limetoka katika neno la Kigiriki la umande. Kulitafsiri lile la Kiingereza neno kwa neno hakutufai: kwetu umande na jua ni mahasimu, kimoja kikija kingine kinaondoka. Na neno la kitu chenyewe tunalo. Waulize waliokulia pwani wakitega ndege kwa utomvu wa mfenesi: ule ni ulimbo. Jani hili hufanya kazi ile ile. Linanata, mdudu ananasa. (Kunata ni sifa ya gundi, kunasa ni msiba wa nzi, tusivichanganye.) Mimi ningesema mmea wa ulimbo, na penye haja ya usayansi, drosera, katika ngeli ya i-/zi-: drosera hii inakula, drosera hizi zinakula. Si mgeni kabisa: Drosera madagascariensis huota porini hapa hapa Tanzania.

Kibao kiandike hivi: MIMEA HII HULA WADUDU. MSIGUSE.

Limebaki neno kufuga. Hapo mjomba kakushinda. Tunafuga kuku, tunafuga hata ndevu na kucha, lakini mmea huoteshwa, hupandwa, hutunzwa, hata ukiwa na tabia za paka. Wa kwako utunze kwa maji ya mvua uliyokinga wakati wa masika, maana visima vingi vya Dar vina chumvi. Makumbi ya nazi yaliyofukiwa pwani nayo yana chumvi, yasuuze mara nyingi kabla ya kuyatia kwenye kopo. Na kile kisahani cha maji kinachokaa chini ya kopo kimwage na kukisugua kila baada ya siku tatu au nne. Ukikiacha wiki nzima utakuta viluwiluwi vya mbu vinacheza humo, na hapo ndipo mjomba atakubali kwamba unafuga.