Maswali na Majibu: Pima Moyo Wako Kabla ya Kupanga Mazoezi

Nina miaka 40. Saa yangu inasema mapigo yangu ya juu kabisa ni 180, lakini juzi nikipanda kilima yalifika 191. Nifuate lipi?

Kama 191 ilitoka kwenye kipimo cha kuaminika, fuata moyo wako. Saa imechukua 220 ikatoa umri, na hesabu hiyo ni wastani wa watu wengi. Wenye umri mmoja hupishana kwa mapigo 10 au zaidi, juu au chini. Kanda zote za saa yako, yaani viwango vya ukali wa mazoezi, zimejengwa juu ya 180, kwa hiyo mbio inazoziita ngumu huenda kwako ni za kawaida tu. Usihangaike kusaka mapigo ya juu kabisa. Tafuta kizingiti, yaani ule ukali unaoweza kuuhimili kwa takriban saa moja kabla miguu haijagoma.

Nakipimaje bila maabara?

Kwa mbio za dakika 30 ukiwa peke yako, kwenye uwanja wa mita 400 au barabara tambarare. Siku mbili kabla, fanya mazoezi mepesi tu. Siku yenyewe pasha mwili dakika 15 na uongeze mbio fupi nne za sekunde 20. Kisha kimbia dakika 30 kwa nguvu zote unazoweza kuzigawa sawasawa. Ikifika dakika ya 10, bonyeza kitufe cha mzunguko (lap) kwenye saa, ili dakika zilizobaki zihesabiwe peke yake. Wastani wa mapigo ya dakika 20 za mwisho ndio kizingiti chako.

Tuseme umepata 168. Chini ya 143 ni mbio za kupumzisha mwili, 143 hadi 150 ni za kujenga pumzi, 151 hadi 158 ni za wastani, 159 hadi 167 zinakaribia kizingiti, na kuanzia 168 ni kazi nzito.

Kosa linaloharibu kipimo hiki kuliko yote ni kuanza kwa pupa. Ukichomoka kama unakimbia mita 1,500, utakatika pumzi dakika ya 12 na zilizobaki utazikokota, na wastani utakaopata hautakuwa wa kizingiti. Ukiona dakika 10 za mwisho zimekuwa za polepole mno kuliko za mwanzo, tupa matokeo, urudie baada ya wiki moja. Na kama hujafanya mazoezi kwa muda mrefu, au kifua hukubana ukikimbia, muone daktari kwanza.

Kocha wetu anapanga kwa kasi, si mapigo. Kuna kipimo chake?

Kipo, na kwa mkimbiaji wa uwanjani tunakipenda zaidi. Kimbia mita 3,600 kwa nguvu zote, pumzika dakika 30, kisha mita 1,200. Gawa tofauti ya umbali kwa tofauti ya muda. Ukitumia 13:20 na 4:00, ni mita 2,400 kwa sekunde 560: mita 4.29 kwa sekunde, au 3:53 kwa kilomita. Ukikimbia kwa kasi zaidi ya hiyo, unatumia akiba ambayo lazima iishe.

Nilipimia Mombasa, sasa nakwenda kambini Iten. Namba zitafaa?

Kasi haitafaa. Iten iko karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na mwili unapata oksijeni kidogo kwa kila pumzi. Siku za mwanzo mapigo hupanda hata kwa mbio nyepesi. Kwa hiyo kimbia kwa kigezo cha mazungumzo: ukishindwa kumaliza sentensi nzima bila kuhema, punguza. Pima upya baada ya wiki mbili au tatu. Mombasa nako pimia alfajiri, kwani joto hupandisha mapigo ilhali kasi ni ileile.

Nikikimbia taratibu saa inaonyesha 175. Ni moyo?

Pengine ni hatua zako. Saa ya mkononi husoma kwa mwanga, na ikilegea huweza kuhesabu mtikisiko wa mkono badala ya damu. Wakimbiaji wengi hupiga hatua 160 hadi 180 kwa dakika. Simama, ushike mshipa wa shingoni kwa vidole viwili, uhesabu sekunde 15, kisha zidisha kwa 4. Ukipata namba iliyo chini sana, kaza saa juu kidogo ya kifundo cha mkono. Siku ya kipimo vaa mkanda wa kifuani, ukilowanisha sehemu zake zinazogusa ngozi. Ukiwa mkavu nao hudanganya dakika za mwanzo.

Natumia dawa ya presha, atenolol.

Dawa hiyo hushusha mapigo, hivyo usipange kanda kwa moyo. Tumia kigezo cha mazungumzo, na usiiache ili upime.