Maswali na Majibu: Kufunguliwa Tumbo au Kutobolewa Matundu

Swali: Daktari, mama yangu ana mawe kwenye mfuko wa nyongo na atapasuliwa kwa matundu madogo. Je, ni kweli kwamba kwa njia hiyo mwili hauhisi chochote? (Msomaji, Kondele, Kisumu)

Jibu: Mwili unahisi, dada, tena sana. Dawa ya usingizi huilaza akili, lakini kisu kinapogusa ngozi neva bado hupeleka habari, na tezi zilizoketi juu ya figo humwaga adrenalini na kotisoli: moyo huenda mbio, presha hupanda, na mwili huanza kula akiba yake ya sukari na protini. Jambo ambalo huwashangaza hata baadhi yetu sisi madaktari ni kwamba homoni hizi mara nyingi hupanda karibu sawa kwa njia zote mbili, ya kufungua tumbo na ya matundu, kwa kuwa katika upasuaji wa matundu tumbo hujazwa gesi ya kaboni dioksidi, kwa kawaida kwa shinikizo la milimita 12 hadi 15 za zebaki, na utando wa ndani ukitanuliwa namna hiyo nao hupiga kamsa.

Tofauti iko kwenye majeraha yenyewe. Misuli iliyokatwa na kuvutwa hutoa kemikali iitwayo interlukini-6, ambayo huongezeka ndani ya saa chache na kulichochea ini litengeneze protini ya CRP, ambayo ni alama ya uvimbe mwilini, inayofikia kilele yapata siku ya pili au ya tatu. Mfuko wa nyongo ukitolewa kwa matundu, kama alivyofanya kwa mara ya kwanza mpasuaji Erich Mühe nchini Ujerumani mwaka 1985, vyote viwili hupanda kidogo kuliko tumbo likifunguliwa, na mgonjwa huumwa kidogo, hupumua vizuri na kutembea mapema. Angekuwa mama yangu, ningechagua matundu, mradi mpasuaji awe ameizoea kazi hiyo, na nisingemlaumu akilazimika kulifungua tumbo katikati ya kazi kwa sababu ya usalama.

Swali: Baba ana kisukari na hutumia vidonge tu. Siku iliyofuata baada ya kutolewa kidole tumbo kwa matundu, sukari ilifika 14 na muuguzi akamdunga insulini. Je, upasuaji umemharibu? (Msomaji, Bahati, Nakuru)

Jibu: Haukumharibu. Kotisoli na adrenalini nilizozitaja huliamuru ini litoe sukari, na wakati huo huo huizuia insulini isifanye kazi yake, hivi kwamba hata mtu asiye na kisukari sukari yake huweza kupanda. Hali hii huchukua siku kadhaa, na baada ya upasuaji mkubwa hata wiki. Kudungwa sasa hakumaanishi kwamba atadungwa maisha yake yote. Mpimeni kila siku, mziandike namba hizo daftarini, na asiache wala kuongeza vidonge kabla hajaonana na daktari wake.

Swali: Mbona bega linaniuma ilhali nilipasuliwa tumbo kwa matundu? (Msomaji, Kakamega)

Jibu: Gesi iliyobaki huusumbua msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu. Neva ya msuli huo hutoka shingoni, jirani na zile za bega, na ubongo hukosea mahali. Kwa kawaida maumivu huisha baada ya siku chache. Ukikosa pumzi au kifua kikibana, rudi hospitalini mara moja.

Swali: Nauza omena Kibuye. Leo ni siku ya tano tangu nipasuliwe kwa matundu, makovu ni manne madogo na sioni maumivu. Naweza kubeba gunia? (Msomaji, Kisumu)

Jibu: La, mama. Tundu la kitovuni limepita ukuta mzima wa tumbo, na uzito wa mapema unaweza kukuletea ngiri. Tembea, uza, hesabu pesa zako, lakini gunia abebe mwingine mpaka mpasuaji wako akuruhusu. Ukitaka kukohoa au kucheka, kunja leso mara nne uikandamize juu ya kitovu. Homa ikipanda, tumbo likivimba au macho yakigeuka manjano, usisubiri siku ya kliniki.