Bluu ya eringiamu haimiminwi kwenye mizizi

SWALI: Mtaalamu wetu, pole na kazi. Nina mashina 40 ya eringiamu, ule mmea wa miiba wenye vichwa vya bluu, aina ya Eryngium planum, niliyoyaotesha kwa mbegu ili nipate maua ya kukata. Mwaka wa kwanza yalitoa majani matupu, nikadhani udongo umechoka, nikayang'oa na kuyahamishia kwenye tuta jipya lenye samadi ya kutosha. Mwaka huu yametoa mabua marefu, lakini yanalala chini na vichwa vimebaki kijani cha kijivujivu. Muuza pembejeo akanipa unga mweupe wa kuleta bluu: kijiko kimoja cha chakula kwa kila shina, kila baada ya wiki 2. Nimeshautia mara 3 na sioni bluu, ila majani ya chini yameanza kuungua kingo. Je, niongeze kipimo?

JIBU: Usiongeze, ndugu yangu. Na huo unga uliobaki usiutie tena hata punje.

Swali lako nimelisoma mara mbili, kwa kuwa ni lile lile ninaloulizwa kila msimu kwa sura tofauti. Mmea usipofanya tunachotaka, tunaamini una njaa, na tukiamini hivyo tunatafuta cha kuutia. Kwa mahindi na kabichi mara nyingi ni kweli. Kwa eringiamu ni kinyume kabisa. Huu ni mmea uliozoea mchanga, changarawe na upepo, na karibu kila baya lililokupata limetoka kwenye kitu ulichouongezea, wala si kwenye kitu ulichounyima.

Nianze na unga, maana ndio unaoniuma zaidi. Unga mweupe unaouzwa kwa ahadi ya bluu kwa kawaida ni salfeti ya alumini, au shabu ambayo ni ndugu yake. Haukubuniwa kwa ajili ya eringiamu. Umeazimwa kutoka kwa haidrenjia, ua jingine la bustani, na kwa haidrenjia kweli unafanya kazi. Udongo ukiwa na asidi ya kutosha, yaani pH (kipimo cha asidi) chini ya 5.5 hivi, alumini huyeyuka, mizizi huifyonza, nayo hupanda hadi kwenye ua na kushikana na rangi iliyomo humo. Ua lililokuwa la waridi linageuka bluu. Mtu ameliona hilo kwa haidrenjia, akahitimisha kwamba alumini ni dawa ya bluu kwa ua lolote. Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, na tangu hapo linauzwa kwa vipimo vya kijiko.

Bluu ya eringiamu haitoki udongoni. Mmea unaitengeneza wenyewe kwenye ngozi yake: ya kichwa, ya ule ukosi wa miiba unaokizunguka, na ya sehemu ya juu ya bua. Rangi hizo huitwa anthosayanini, na mmea huzitengeneza kwa wingi pale ua linapokomaa likiwa kwenye jua kali la kutwa nzima na usiku wenye ubaridi. Kaa karibu na shina lenye afya wiki ambayo rangi inaingia, utaliona jambo lenyewe. Kichwa huanza kijani, kikapauka kama fedha iliyochakaa, kisha bluu ikajitokeza, ikashuka kwenye ukosi, ikaendelea kuteremka kwenye bua hadi unakuta bua lenyewe ni la bluu kwa urefu wa kiganja au zaidi. Geuza bua hilo hilo, tazama upande uliokuwa umekingwa na jani: mara nyingi utaukuta umepauka. Mzizi ni ule ule na udongo ni ule ule. Kilichotofautiana ni mwanga.

Tena alumini si kwamba haisaidii tu, bali inadhuru. Tazama jamaa za mmea wako porini. Eryngium maritimum anaishi kwenye vilima vya mchanga vya pwani za Ulaya, mchanga uliochanganyika na vipande vya makombe. Eryngium bourgatii anatoka kwenye miteremko ya mawe ya milima ya Pyrenees. Mimea hii inaridhika na udongo wa kati hadi wenye chokaa. Salfeti ya alumini inausukuma udongo upande wa asidi, na alumini ikishayeyuka ni sumu kwa ncha za mizizi: zinakoma kurefuka. Kwa mmea ambao uhai wake wote umening'inia kwenye mzizi mkuu mmoja unaozama chini kutafuta maji, huko ni kuukata miguu. Kingo za majani zinazoungua ndizo dalili yake: mizizi imejeruhiwa, na chumvi ya unga huo imezidi.

Sasa nirudi nyuma, kwa sababu unga ulikuja mwishoni tu.

Mwaka wa kwanza haukuwa na tatizo lolote. Mche wa mbegu wa E. planum kwa kawaida hukaa mwaka mzima kama sahani ya majani iliyolala chini, ukijenga mzizi. Huhitaji kufikia ukubwa wa kutosha, kisha upite kipindi cha baridi, ndipo upandishe bua. Anayeishi mahali pasipo na miezi ya baridi ya kweli ataiona sahani ile ile mwaka hadi mwaka, na hakuna mbolea itakayoiinua. Wewe mashina yako yamepandisha mabua, kwa hiyo baridi imeyafikia. Ungeyaacha pale pale, mwaka huu ungekuwa unakata maua.

Kuhamisha kulikuwa kosa kubwa, na nalisema bila kulilainisha kwa sababu wengi wataendelea kulifanya. Eringiamu si mbigili wala mbaruti, ingawa miiba inadanganya macho. Ni wa familia ya karoti na giligilani. Mtu hang'oi karoti iliyokwisha kujijenga akaipanda upya na kutegemea iendelee kana kwamba hakuna kilichotokea. Mche wa eringiamu huhamishwa ukiwa mdogo, majani 4 au 5, kabla mzizi haujaanza kujikunja kwenye kifuko chake. Baada ya hapo, mahali ulipo ndipo nyumbani kwake. Ukiung'oa unabaki na kisiki cha mzizi, na mmea unatumia msimu mzima kujitibu.

Hata hivyo kosa hili limekuachia zawadi. Nenda kwenye tuta la zamani, piga magoti, tazama pale ulipochimba. Vipande vya mzizi vilivyokatikia ardhini vina tabia ya kuchipua, na huenda ukaona vijani vidogo vya kijani kizito, vyenye meno pembeni, vikitokeza kimoja kimoja. Usivipalilie kama magugu. Hivyo ni vitoto vya mashina yako, vyenye damu ile ile, vimezaliwa kwenye udongo konda, havijaonja samadi wala unga. Viache viwili au vitatu kila baada ya sentimita 40, vingine viondoe mapema. Mimi ningeweka tumaini langu huko kuliko kwenye tuta jipya.

Samadi nayo imefanya kile samadi inachofanya. Naitrojeni nyingi hutoa majani mapana na mabua marefu laini yasiyojimudu. Bua la eringiamu lililokulia kwenye udongo konda ukilikunja linakataa, lina ugumu wa waya. Lililolelewa kwa samadi linajikunja kama bua la mchicha. Kichwa kikizidi uzito, linalala, na likilala majani ya jirani yanalikinga jua, na bila jua hakuna bluu. Unaona jinsi ulivyofika kwenye kijani cha kijivu bila alumini kuhusika popote.

Kwa msimu huu, kwa tuta jipya, fanya hivi. Pima pH ya udongo. Kama imeshuka chini ya 6, tia chokaa ya kilimo kwa kipimo ambacho majibu ya udongo yanakuelekeza, si kwa kukisia. Kama maji yanapita vizuri, mwagilia kwa wingi mara moja au mbili ili kuteremsha chumvi, kisha acha udongo ukauke juu kabla ya kumwagilia tena. Kama maji yanatuama, usimwagilie. Hapo adui wako wa pili ni kuoza kwa shingo ya mmea, pale mzizi unapokutana na bua, hasa wakati wa baridi na unyevu, na huo ndio ugonjwa ninaouona ukiua eringiamu nyingi kuliko wadudu wote. Mabua yaliyolala yakate. Tandaza changarawe kuzunguka shingo ya kila shina, usitandaze majani yaliyooza. Na usiyahamishe tena, hata kama moyo unakutuma. Msimu ujao usiyatie mbolea yoyote. Samadi iliyopo itachukua muda kuisha, na itaisha.

Ukitaka kuongeza mashina, njia ni mbili. Ya kwanza ni mbegu mpya kabisa, maana za zamani huota kwa shida. Kiinitete cha mbegu za familia hii huwa hakijakomaa mbegu inapodondoka, kwa hiyo usishangae zikichelewa. Zichanganye na mchanga wenye unyevunyevu, ziweke kwenye jokofu kwenye nyuzi 4 hivi za selsiasi kwa wiki 4 hadi 6, kisha zipeleke kwenye joto la wastani. Ya pili ni vipande vya mzizi, unene wa penseli, urefu wa sentimita 5 hadi 8, vinavyokatwa mmea ukiwa umepumzika. Vipande hivi vinataka kusimikwa wima, upande uliokuwa juu ubaki juu. Kata ncha ya juu mkato bapa na ya chini mkato wa mshazari, la sivyo baada ya dakika kumi utakuwa umeshasahau ipi ni ipi.

Kuhusu kukata ua lenyewe, nina neno moja tu, lakini lishike. Eringiamu ikikatwa kijani hubaki kijani. Haiendelei kuiva kwenye ndoo. Kata kichwa, ukosi na bua la juu vyote vikishakuwa na bluu, kabla chavua haijaanza kumwagika. Ondoa majani ya chini, kwa sababu huchakaa mapema kuliko kichwa na yakizama majini yanaoza na kunuka. Ua lililokatwa kwa wakati wake hukaa wiki 2 kwenye chombo likibadilishiwa maji, na ukilitundika kichwa chini mahali pakavu na penye giza linakauka likiwa na rangi yake.

Haraka ya kukata mapema ndiyo inayolisha biashara ya unga na rangi, na hapa naomba nisikike na wengi kuliko mwandishi wa swali hili.

Nimeona mkulima akitia shabu kwenye Eryngium giganteum miezi 3 mfululizo ili igeuke bluu. Aina hiyo rangi yake ni fedha. Waingereza wameipa jina la mzimu wa Miss Willmott, kutokana na Ellen Willmott, mtunza bustani aliyefariki mwaka 1934, ambaye inasimuliwa kwamba alikuwa akidondosha mbegu zake kimyakimya kwenye bustani alizozitembelea, na baadaye mimea ya kifedha ikajitokeza pale alipopita. Uzuri wake wote uko kwenye weupe huo. Tena hufa ikishachanua na kutoa mbegu, kwa hiyo yule mkulima mashina yake yalipokauka aliamini kipimo kilikuwa kidogo. Aliyemuuzia hakumwuliza hata ni aina gani aliyonayo. Muuzaji asiyeuliza jina la mmea hana haki ya kuuandikia dawa.

Kuna pia pakiti za mbegu zenye majina ya 'Big Blue' au 'Jos Eijking'. Hizo ni chotara, Eryngium × zabelii, kizazi cha E. alpinum na E. bourgatii, na huzalishwa kwa kukuza vipande vya mmea maabara au kwa kugawa mmea wenyewe. Mbegu haiwezi kukupa mmea ule ule. Anayekuuzia pakiti ya namna hiyo anakuuzia jina. Kwa mbegu, nunua E. planum, mfano 'Blue Glitter', ambayo kweli huuzwa kwa mbegu na hufanana vya kutosha kwa maua ya kukata.

Na kuna maua yaliyokatwa mabichi yakatiwa rangi. Haya yanawaumiza wakulima waadilifu mara mbili: yanashusha bei ya ua la kweli, na yanamfundisha mnunuzi kutegemea bluu ambayo hakuna mmea unaoitoa. Kuyatambua si kazi. Lowesha kidole, sugua ukosi. Rangi ya kupuliza mara nyingi inahamia kidoleni, ya mmea haihami. Kisha kata bua kwa kisu kikali utazame mkato. Likiwa limenyweshwa rangi, utaona vidoti vya bluu kwenye mishipa ya maji, vimejipanga duara. Bua la kweli lina bluu kwenye ngozi, ndani ni jeupe lenye ukijani.

Wewe uliye na mfuko wa unga huo nyumbani, usiumwage kwenye tuta jingine ili usipotee bure. Mpe mwenye haidrenjia kwenye udongo wa asidi, na umwambie ni nini.