Jibu: Je, kuna watu wanaoishi Aksai Chin?

Ndugu, umeuliza kama Aksai Chin, uwanda wa juu mpakani mwa India na China, ina vijiji, na kwa nini India na China zinagombea jangwa tupu. Upande unaoshikiliwa na China, kama kilomita za mraba 38,000, hakuna kijiji cha wakulima. Ni uwanda mkavu wenye maziwa ya chumvi, na sehemu kubwa iko juu ya mita 4,500; hata kupumua ni kazi. Utakuta kambi za askari na vituo vya madereva wa malori, kama Dahongliutan, kando ya barabara kuu ya Xinjiang kwenda Tibet.

Barabara hiyo ndiyo kiini cha ugomvi. China iliikamilisha mwaka 1957 kwenye ardhi ambayo India inadai ni yake, na mwaka 1962 nchi hizo mbili zikapigana vita.

Usiishie hapo lakini. Ukivuka kwenda Ladakh, upande wa India, kuna watu kabisa: Chushul, karibu na ziwa Pangong, na Demchok, ambako kijito tu ndicho kinachotenganisha pande mbili. Huko wamo Wachangpa, wafugaji wanaohamahama na mbuzi wa sufu laini ya pashmina. Hao ndio wanaoniuma moyo. Ramani zinawasahau, ilhali kila askari wanapokabiliana, kama ilivyotokea bonde la Galwan Juni 2020, wao ndio wanaozuiwa kufika malisho ya majira ya baridi waliyorithi kwa babu zao.