Jipu lisilosikia amoksilini

Pole sana ndugu. Umemaliza dozi ya amoksilini, jipu la pajani bado linavimba, na unahisi labda ni buibui. Kama hukumwona buibui mwenyewe, mwache apumzike. Jipu la stafilokokasi sugu (MRSA), bakteria wasiosikia dawa nyingi, husingiziwa buibui kila siku. Huanza kama kipele chekundu, cha moto, kinachouma kuliko ukubwa wake, kisha katikati panalainika na usaha. Lakini kwa macho tu huwezi kulitofautisha na jipu la kawaida. Wahudumu wa afya wachukue usaha ukaoteshwe maabara, ndipo ijulikane dawa ipi inaua.

Kama ni MRSA, amoksilini haiwezi kitu, hata kloksasilini. Usugu huu ulionekana Uingereza mwaka 1961, miaka miwili tu baada ya methisilini, dawa ya jamii ya kloksasilini, kugunduliwa. Tena dawa si jambo la kwanza: jipu lililoiva hupasuliwa na mhudumu wa afya, usaha ukatoka wote. Mara nyingi nafuu huanzia hapo. Vidonge vikihitajika, daktari huchagua kama kotrimoksazoli, doksisaiklini au klindamaisini. Usijinunulie.

Usilikamue! Unausukuma usaha ndani. Funika kwa bandeji kavu, nawa mikono, taulo na wembe viwe vyako peke yako.

Chora mstari kwa kalamu kuzunguka wekundu. Wekundu ukivuka mstari, au ukipata homa, au jipu likitokea usoni, nenda hospitali leo leo. Mwenye kisukari asingoje hata mstari.