Kianzio cha Mteja Si Faida

Oktoba 2023, nikijumlisha ya benki na ya kwenye simu, nilikuwa na shilingi 14,400,000. Mimi nilianza useremala Keko na randa ya mkono na msumeno mmoja, chini ya bati la kuazima, kwa hiyo usinicheke nikikwambia wiki ile nilitembea kama mwenye kiwanda. Nikakodi fremu ya pili Sinza, kodi ya miezi sita mkononi, 3,600,000. Nikachukua na kirikuu cha mtu, kigari kidogo cha mizigo, kwa kutanguliza milioni tano.

Hela ile haikuwa yangu. Ilikuwa vianzio vya wateja 18 waliotaka makochi kabla ya Krismasi, kila mmoja 800,000 kwenye seti ya 1,400,000. Hesabu yake leo naipiga hata usingizini: mbao, sponji, kitambaa, gundi na misumari ni kama 700,000; mafundi 250,000. Seti moja inakula 950,000. Mara 18, nilikuwa nadaiwa kazi ya 17,100,000. Yaani siku niliyojiona tajiri nilikuwa tayari nimepungukiwa 2,700,000, kabla hata sijaijua njia ya Sinza. Faida ilikuwepo, 450,000 kwa seti, ila ilikaa mwisho kabisa, kwenye hela ya kumalizia, siku kochi linashushwa sebuleni kwa mwenyewe.

Halafu ukaja mgao wa umeme. Wenzangu wa Dar mnaukumbuka. Mashine ya kuranda imelala mchana kutwa, mafundi wanacheza drafti, ukiwasha jenereta mafuta yanakunywa ile faida yenyewe. Nafuu tuliiona Februari 2024, mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, megawati 235, ulipoanza kuzalisha. Nimeulaumu mgao ule miezi mingi. Lakini jirani yangu, ukuta kwa ukuta, mgao ule ule, alimaliza kazi zake zote. Alichukua oda sita tu.

Mimi nilikuwa namalizia kochi la wa kwanza kwa kianzio cha wa saba. Ukiangalia vizuri, ule ulikuwa upatu, ila wanachama hawakujua kama wamo. Tarehe 24 Desemba asubuhi mama mmoja wa Tabata alikuja na chupa yake ya chai, akakaa kwenye fremu ya kochi lisilo na sponji. "Mwanangu, mimi sina ugomvi," akaniambia. "Nimekuja kukaa kwenye kochi langu." Alikaa hadi saa kumi jioni. Angenitukana ingekuwa afadhali.

Januari nilirudisha fremu ya Sinza, nikauza kirikuu kwa hasara, nikampigia simu kila mteja aliyebaki. Watatu walitaka hela yao, nikawarudishia. Wengine walisubiri, tena na maneno yao.

Sasa kianzio kikiingia, vifaa vya mteja huyo vinanunuliwa siku hiyo hiyo au kesho yake, na hela inakaa kwenye laini tofauti na ninayonunulia mboga nyumbani. Daftari lina ukurasa kwa kila oda: ameleta ngapi, imetumika ngapi, imebaki ngapi. Faida naihesabu kochi likishashushwa. Na kianzio changu siku hizi ni 950,000, maana cha zamani hakikutosha hata kumaliza kazi. Wapo wanaokataa, wanaenda duka la pili. Waende.

Kodi ya serikali nayo usiifanye mgeni wa ghafla. Sisi wadogo tunaokadiriwa tunalipa kwa awamu nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba, na tarehe haiulizi kama umeuza. Natenga kila Jumamosi nikishalipa mafundi. Asiyetenga ndiye anayekimbilia mikopo ya kausha damu, na huko sina ushauri wa kukupa zaidi ya kusema usiende.

Kuna jambo lingine liliniuma kuliko hela. Msimamizi wangu wa mafundi aliondoka na vijana wawili, akafungua ng'ambo ya barabara. Nilinuna wiki nzima, mpaka nikakumbuka na mimi nilimwondokea bosi wangu hivyo hivyo. Kosa langu lilikuwa jingine: wateja wote walikuwa na namba yake, maana mimi nilikuwa Sinza nakagua rangi ya ukuta. Simu ya karakana sasa inalala karakana, na mzigo ukienda kwa mteja mimi mwenyewe napanda, hata kama ni Mbagala na foleni yake.

Wiki iliyopita dada mmoja alitaka meza kumi za ofisi, hela taslimu kwenye bahasha. Nikamwambia naanza tarehe 20. Akaniuliza kama ninaijua biashara kweli. Bahasha aliondoka nayo. Jumatatu akapiga simu kuuliza kama tarehe 20 bado ipo.