Jibu: Lasti kadi watu wawili, Switch moja?
Mkuu, umeuliza kama wewe na shemeji mnaweza kucheza lasti kadi kwenye Switch moja (konsoli ya Nintendo), kwa ile 51 Worldwide Games ya 2020, mkusanyiko wa michezo ya mezani na karata. Hapana. Kioo kikiwa kimoja mwenzako anakuchungulia karata zote, kwa hiyo michezo ya kuficha mkono inataka kila mtu awe na konsoli yake. Nafuu ni kwamba gemu lenyewe ananunua mmoja tu, mwingine anapakua toleo la mgeni, la bure, lenye baadhi ya michezo. Kama konsoli ni moja, ilazeni mezani mcheze Mancala, ndugu wa bao letu (nyepesi mno, mashimo 6 tu kila upande). Ukiwa peke yako, Klondike, ile solitaire ya karata. Hiyo imeshaninyima usingizi.